Kila Sarafu na Kikasha Chake

Ile sarafu kubwa ya fedha ilikuwa imerudi kwenye kikasha chake.

Mjane aliisogeza trei karibu na dirisha. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliitia sarafu hiyo kwa mkono wake mwenyewe kwenye kikasha kikubwa mno, ikawa inachezacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Sasa ilikuwa imetulia ndani ya plastiki, haina hata nafasi ya kupitisha unywele.

Akaketi kwenye kiti cha mumewe.

"Umekuja," akanong'ona.

Marehemu alikuwa fundi umeme, mtu wa mzaha kwa kila jambo isipokuwa sarafu. Alizipima kwa chuma chenye taya mbili, milimita kwa milimita, ndipo akanunua vikasha vya duara vya kuzihifadhia.

"Kikiwa kikubwa, sarafu inacheza ndani inajikwaruza," alikuwa akimwambia. "Kikiwa kidogo ukailazimisha, unachubua ukingo. Ni kama kiatu, mke wangu. Hakuna cha 'itaingia tu'."

"Na saizi ya kiatu changu hadi leo huijui," mkewe alikuwa akimjibu, wakacheka.

Kisha moyo ulimsimama akiwa juu ya ngazi, kazini, na mambo yakaishia hapo.

Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya tu. Mjane alikuwa akifuta vumbi, trei ikamponyoka, vikasha vikafunguka na sarafu zikatawanyika sakafuni. Alikuwa amechelewa, akaziokota na kuzitia popote zilipoingia. Jioni aliporudi kutoka kiwandani alikokuwa akishona sare, kila moja ilikuwa mahali pake. Lakini hakuogopa. Tangu mazishi hakuwahi kulala usingizi kama alioupata siku hiyo.

Basi kila asubuhi akawa anazichanganya makusudi, ndogo kwenye vikasha vikubwa, kubwa zimeegeshwa juu ya vidogo. Kila jioni akazikuta zimepangwa.

Mchana nyumbani hapakuwa na mtu ila mama mkwe, na huyo hakumtia kwenye hesabu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akitembea kwa kupapasa ukuta. Tena tangu mwanawe azikwe alikuwa amesema chumba kile cha sarafu hawezi kukikanyaga, asije akafa kwa uchungu. Wanawake hao wawili waliishi hivyo, kila mmoja akilia upande wake wa ukuta.

Siku moja shemeji alikuja, mdogo wa marehemu.

"Sarafu ziuzwe, shemeji," alisema. "Zinakutesa bure."

Kabla mjane hajafungua kinywa, mama mkwe akadakia. "Haziuzwi."

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema haziuzwi. Achana nazo."

Shemeji aliondoka amenuna. Wakati wa chakula mjane alijikaza akauliza.

"Mama, mchana huwa husikii kitu humu ndani?"

Mama mkwe akaacha kutafuna. "Kitu gani?"

"Hata kishindo tu."

"Hapana, mwanangu. Wewe umesikia?"

"Hapana."

Wakaendelea kula. Mjane aliona kwamba siku hizi mama mkwe alikuwa akimaliza sahani yake, akashukuru kimoyomoyo kwamba angalau mmoja wao alikuwa anapona.

Juma lililofuata umeme ulikatika kiwandani, wakaruhusiwa kuondoka mapema. Jua lilikuwa bado la utosi alipofungua mlango wa nyumba. Kutoka ukumbini akausikia mlio mdogo wa plastiki ikifunga. Ukanyamaza. Ukasikika tena.

Mlango wa chumba cha sarafu ulikuwa umeegeshwa tu. Mjane alisimama. Akavua viatu. Akajipangusa jasho usoni, akajifunga kitambaa chake cha kichwani upya, vizuri, kama anavyojiweka sawa mke anayesikia mumewe amerudi safari. Kisha akasukuma mlango.

Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, trei mapajani. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa sarafu, pole pole, akaitia ndani ya kikasha, akakitikisa karibu na sikio. Sarafu ikalialia. Akaitoa, akapapasa kikasha kingine, akatikisa tena. Kimya. Akatabasamu.

Mjane akahisi kitu kinazimika ndani yake. Akafiwa na mumewe mara ya pili, mchana kweupe, amesimama pekupeku.

"Kumbe ni wewe, mama," alisema. Sauti ilimtoka kavu, na nyuma yake kulikuwa na maneno mengine mabaya yakisubiri kutoka.

Mama mkwe hakushtuka. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, na uso ule ulikuwa umenawiri kama wa bibi harusi. Akamwita kwa mkono asogee, akamshika kiganja, akamvuta mpaka sikio likafika karibu na mdomo wake.

"Nilitaka kukwambia siku nyingi, niliogopa utaniona nimerukwa na akili," alinong'ona. "Hajatuacha, mwanangu. Mimi nazipanga mchana, na kila asubuhi, ukishakwenda kazini, nakuta amekuja kuzichanganya."