Protoni Kwenye Kilima

Mwalimu wa fizikia alisema ukizipa elektroni na protoni nishati sawa, elektroni itaiacha protoni mbali, kwa kuwa protoni ni nzito karibu mara elfu mbili. Mimi ndiye mchekeshaji wa kidato cha tatu, kwa hiyo tulipotoka nikaanza kutafuta mfano.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Mwanamke mmoja alikuwa akipanda kilima cha shule, mzigo wa kuni umemfunika uso.

"Pisheni, protoni inapanda!" nikapiga kelele. "Mpaka ifike jikoni, sisi tumeshamaliza chuo!"

Wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega.

Ndipo nikaiona kandambili yake ya kushoto. Mkanda wake niliufunga mwenyewe kwa waya asubuhi ile, mama akinisubiri mlangoni kwa mguu mmoja.

"Shikamoo mama," wenzangu wakamwamkia.

"Marahaba wanangu." Akageuza shingo taratibu, akanitazama. Jiko lile analijua; hupeleka kuni kila Jumamosi, sisi tukiwa majumbani. "Samahani, kijana. Jiko la shule liko wapi?"

Wenzangu wakanigeukia, wakisubiri utani mwingine.

Nikanyoosha kidole.