Kiti cha Nyuma

Bi Tatu aliingia ndani ya gari lililopondeka, akaketi pale alipokuwa ameketi binti yake Rehema siku aliyokufa. Bi Tatu mwenyewe, aliyekaa mbele, mkanda ulimwachia tu mstari uliovilia damu kifuani. Siku ile alitaka kukaa nyuma, Rehema akakataa katakata.

"Watu watanionaje, mama? Kaa mbele na mkweo."

Sasa mkono wake ulipapasa kiti, ukagusa kitu kigumu chini ya kava.

"Hiki nini, baba?"

Athumani, mkwewe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari. Alichomoa kisu, akalichana lile kava. Mikanda ikajitokeza na vifungio vyake, bado inang'aa.

"Nilimwambia fundi aifunike," akasema. "Nilitaka viti vipendeze siku ya harusi yetu."

Bi Tatu aliiokota khanga ya Rehema sakafuni, akaiweka kitini, akaufunga mkanda juu yake. Ukaitika, tak.

"Twende, mama," Athumani akamwita.

Bi Tatu alikuwa akiivuta khanga kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, na mkanda hauiachii.