Kimya cha Dakika ya Saba

"Usikiguse kile kimya," mzee alisema kwa mara ya tatu, na hata kiti alikuwa hajakikalia.

"Nimekusikia, mzee wangu," alijibu fundi wa studio, binti aliyechomeka kalamu kwenye nywele. "Jana ulinipigia simu kwa hilohilo. Na juzi."

Mzee akaketi, kofia magotini.

Wapiga muziki walimwita Kelele, naye alilivaa jina hilo kama koti. Miaka arobaini alipuliza saksafoni kinyume na kila mtu. Aliinyonga, akaikwaruza, akailiza kama bawaba iliyokosa mafuta. Watu walitoka ukumbini wameziba masikio. Siku moja alimaliza onyesho wamebaki yeye na mfagizi. Hakumfuata mtu. Anayetaka kubembelezwa aende kwa mama yake, alisema.

Lakini kilichompa sifa si kelele, ni kimya. Rekodi yake moja tu ndiyo iliyouzika, ile aliyojirekodi mwenyewe sebuleni kwake. Dakika ya saba, vurugu imepamba moto, saksafoni inakatika ghafla. Sekunde kumi na tisa, hakuna kitu. Kisha inarudi polepole, laini, kama vile si yeye. Magazeti yalikiandika kimya hicho, walimu wa muziki wakakifundisha. Waandaaji walipomsihi akipige jukwaani, alikataa katakata.

"Sikiwezi nikiwa peke yangu," aliwaambia. Wakacheka, maana bendi nzima ilikuwa imesimama nyuma yake.

Sasa meno yalikwisha, saksafoni ikalala uvunguni mwa kitanda. Kila asubuhi, katika sebule ileile yenye viti viwili, aliusogeza utepe wa awali wa rekodi ile hadi dakika ya saba, akasikiliza zile sekunde kumi na tisa, akazima kabla saksafoni haijarudi. Ila utepe nao ulizeeka. Mvumo wake ulipanda mwezi hadi mwezi, kama mvua juu ya bati, ukikimeza kimya chake. Ndiyo maana aliuleta hapa, umeviringishwa ndani ya sweta. Huu ukiharibika, alimwambia binti, sina kingine.

"Haya, sikiliza," binti alisema, akabonyeza.

Saksafoni ilifoka, ikapanda, ikakatika. Mzee alifumba macho, akainamia spika.

Hakuna kitu. Kimya kilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

"Umeona?" binti alisema, uso umemchangamka. "Mvumo wote nje. Hata mbu hayumo."

Mzee hakufumbua macho. Vidole vilikuwa vikiikunja kofia.

"Nilikwambia usikiguse."

"Sijakigusa, mzee. Nimekisafisha."

"Ulichokitoa umekitupa wapi?"

"Sijatupa. Kompyuta inaweka uchafu pembeni, peke yake. Lakini ni takataka tu, mvumo na kitu kama mburuzo hivi. Wa nini?"

"Niwekee."

Binti alimtazama, akachomoa kalamu, akajikuna nayo kisogoni. Ugomvi na wazee haukuwa fani yake. Akatafuta mahali penyewe, akapunguza mvumo, akaongeza sauti.

Kwanza ilikuwa mvua juu ya bati. Kisha mlango ulilia. Ndara zikaburuzika sakafuni, zikasimama.

"We Kelele," sauti ya mwanamke ilisema, karibu kabisa, ikizuia kicheko. "Hebu pumzika, mume wangu. Chai inapoa."

"Nakuja," mzee aliitikia.