Pimbi Mchagua Majira

Aliondokea Pimbi mmoja, mchaguzi kupindukia. Dada yake, aliyeolewa nchi ya milimani, alimwita kila mwaka, naye hakukosa sababu. Masika alijibu, "Njia zina tope, dada." Kiangazi, "Jua litaniunguza." Kipupwe, "Baridi hiyo siiwezi."

Hatimaye Korongo, msafiri asiyetulia, akamletea habari: mvua zimekatika, matunda yameiva, jua halichomi. Pimbi akafunga safari. Akaikuta nchi imependeza kupita alivyoota.

Dada yake alikuwa ameketi mlangoni, mkongwe, kumbukumbu zimemtoka.

"Karibu, mgeni. Watokea wapi?"

"Dada, ni mimi, mdogo wako!"

"Mdogo wangu huwa haji," akasema kwa upole. "Lakini kaa, ule matunda."

Pimbi akaketi, akala kama mgeni.