Nafasi ya Nyamizi

Nyamizi, binti wa dobi, alifika darasani kabla ya wote. Mafunzo yale ya Jumamosi yalianzishwa kuwaandaa wanafunzi maskini wa mwaka wa pili kwa shule ya sheria, naye ndiye aliyeongoza mtihani wa mchujo.

“Nafasi yako kapewa mtoto wa jaji,” karani mzee alimwambia bila kumtazama. “Jaribu mwakani, mwanangu.”

“Mwakani nitakuwa mwaka wa tatu, baba. Hawatanipokea.”

“Najua.”

Nyamizi alizunguka nyuma ya jengo, akaketi juu ya tofali chini ya dirisha. Mhadhiri alipoanza kueleza haki ya kila mtu kusikilizwa, Nyamizi alifungua daftari akaandika.

Karani akaja kufunga dirisha, akamwona. Akafunga upande mmoja. Upande wa pili akauacha wazi, akaenda zake.