Harusi ya Mwanahawa, Toleo la Kila Mtu

Siku hizo kitabu cha kusomwa kwenye simu kilikuwa na majukwaa mawili ya kukichapishia. La kwanza lilikiacha kama kilivyoandikwa. La pili, lililoitwa Ridhaa, lilikibadilisha kwa kila msomaji mpaka kimfurahishe. Mwanahawa hakufikiri sana. Alikuwa ameandika habari za harusi yake mwenyewe, na wakwe wote wangesoma. Akachagua Ridhaa.

Siku kilipotoka, sebule ilijaa vicheko. Mama mkwe alimkumbatia machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, umenisitiri. Kumbe uliona kwamba si mimi niliyeunguza pilau."

"Wala si mimi," akadakia wifi yake, Mgeni. "Imeandikwa humu."

Wawili hao walikuwa hawasalimiani tangu pilau ile. Sasa walikaa mkeka mmoja wakimenyeana machungwa, kila mmoja akidhani mwenzake amesoma yaleyale.

Mwanahawa akaingia jikoni kupakua vitumbua, akafungua nakala yake kwa raha zake. Yeye aliandika kwamba baba yake alisusa, hakuja, na baba mdogo ndiye aliyemwozesha. Humu baba alikuwa amekaa mkekani, kanzu imenyooshwa vizuri, ameushika mkono wa bwana harusi na sauti yake haitetemeki. Mwanahawa akausoma ukurasa ule, akaurudia tena, akitabasamu peke yake.

"Wifi," Mgeni akauliza kutoka sebuleni, "hivi siku ile alikuozesha baba yako au baba yako mdogo?"

"Baba," akajibu, wala hakusita.