Pointi za Tandala

Kila raia hupewa pointi moja ya kuwinda kwa mwaka. Digidigi ni pointi mbili, swala sita. Mzee Kihwele hataki vinyama vya mchuzi. Yeye anamtaka tandala, na tandala hupanda pointi moja kila mwaka, kwa hiyo kwa miaka ishirini na tisa mzee amekuwa akipungukiwa na moja tu.

“Baba Faraja, chukua swala tule,” mkewe humwambia kila msimu. “Majirani wanatucheka, na meno yenyewe yanakuaga.”

“Mwakani,” hujibu mzee.

Mwaka huu tandala hakupanda. Thelathini kwa thelathini! Mama Faraja akasugua sufuria la harusi, kisha akamkokota mumewe hadi ofisini kwa bwana nyama, mtoa vibali vya kuwinda.

“Weka kidole hapa, mzee,” bwana nyama akasema.

Mzee akanyoosha kidole, halafu akasita. “Mbona safari hii hakupanda?”

“Hupanda kukiwa na foleni. Foleni imekwisha. Mmebaki wawili tu.”

“Mimi na nani?”

“Wewe na tandala.”

Kidole kikabaki hewani. Mama Faraja akamshika mkono, akaushusha taratibu.

“Mwakani, Baba Faraja,” akasema.